Namba 6 ilifikaje Burma

Haya jamani, mnanijua, nitaanza na namba, na nyie mnaoisikia mara ya kumi vumilieni tu. 26, 36, 46, zote zinaishia na 6, si ndio? Hizo ni batalioni za Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku kwetu, na mama yao ni batalioni ya 6 ya Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilipokolea Mwingereza akawa anamega askari wazoefu kwa mama, anawachanganya na vijana walioandikishwa juzi, anabandika tarakimu mbele, tayari batalioni mpya. Uganda hivyohivyo, 4 ikazaa 34 na 44. Ya 11 ya Kenya msiniulize, mpango wenyewe haukunyooka kote.

Sasa mwaka 1944 hizo 26 na 36 ziko Burma, Myanmar ya leo, kupigana na Mjapani, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wanateremka bonde la Kabaw kwenye matope mpaka Kalewa, mto Chindwin. Na Tanganyika haikuwa koloni! Ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza alikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa (League of Nations), na hati yake ya 1922 ilimkataza Mwingereza kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa kazi ya polisi na ulinzi wa nchi hiyohiyo. Hiyohiyo! Chindwin iko wilaya gani, Kilosa? Na msiniambie hayo ni maneno ya mawakili tu, maana Mfaransa alipopewa Togo na Kamerun hati zake ziliandika waziwazi kwamba ikija vita kuu askari wa pale wanaweza kupelekwa nje, kwa hiyo walioandika walijua wanachofanya, na hati yetu kifungu hicho haina, kaisome.

Mzee wangu pale nyuma najua utasema walijitolea. Wengine kweli, mshahara, yunifomu, kutembea dunia. Ila DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akimwambia chifu lete vijana kadhaa, yule aliyeletwa naye kajitolea? Mwingine atasema Mjapani angefika Mombasa. Sawa, Aprili 1942 aliipiga Colombo kwa ndege, hofu ilikuwepo, na mwaka huohuo Keya walipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Madagaska, hapo nakuelewa. Lakini Kalewa mwishoni mwa 1944 Mjapani anakimbia, unalinda Tanganyika gani?

Nilitaka niongelee na meli ya Khedive Ismail, naona naonyeshwa saa. Ilitoka Mombasa Februari 1944 na askari wa mizinga wa huku kwetu, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani, watu 1,297 wakafa, hiyo nitaieleza siku nyingine. Na Idi Amin? Kaingia Keya 1946, Burma alifika kwa mdomo. Haya maswali, mzee wa nyuma anza.