Mgeni Akikuuliza Pale Kaburini, Utamjibu Nini?

Haya maskauti, hamjambo, na walimu na wazazi mliofika asanteni sana. Tarehe 22 Februari inakaribia, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, wengine wenu mtasimama gadi ya heshima kwenye kaburi lake pale makaburi ya St Peter's hapa Nyeri, wengine mtatembeza wageni. Saluti na hatua za gwaride viongozi wenu wameshawafundisha. Jambo moja tu, mkisimama muda mrefu juani msikaze magoti, kunyweni maji mapema, tusije tukaokota mtoto chini.

Mimi nataka tuongee kuhusu mdomo. Mgeni akishakupa mkono wa kushoto, ile salamu yetu ya kiskauti, anauliza, huyu Baden-Powell alikuwa nani? Na wengi mnakariri, alizaliwa 1857, akafariki 8 Januari 1941, basi. Jamani hiyo si anaisoma mwenyewe kwa jiwe! Mwambie asichokiona, kwamba mzee alikuja kumalizia uzee wake hapa, akajengewa kanyumba 1938 kwa uwanja wa hoteli ya Outspan, akakaita Paxtu kwa sababu kwao Uingereza walikuwa wanaishi Pax Hill, na mkewe Olave alifariki huko Uingereza 1977 lakini majivu yake yakaletwa hapa alipolala mumewe. Baadaye Paxtu hiyo hiyo ikakaliwa na Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara wa India, naye amezikwa makaburi hayo hayo.

Halafu ile duara yenye nukta katikati iliyochongwa kwa jiwe, ile alama ya njia ya maskauti, usikimbilie kuieleza. Kama mgeni ni mtoto mwache aikodolee macho kwanza, muulize, ukiikuta hii njiani msituni utafuata njia au utaacha? Akifikiria fikiria atafika mwenyewe, kwamba aliyetangulia ameshaenda nyumbani, na hiyo hataisahau.

Sasa swali gumu, na litakuja tu. Nyeri ni kwao Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyepigania uhuru dhidi ya Waingereza. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa gereza la Kamiti 18 Februari 1957, na siku nne tu baadaye ikatimia miaka 100 tangu Baden-Powell azaliwe, yaani wiki moja hiyo. Mama mzee wa Tetu akikuuliza, mjukuu wangu, mbona huyu mzungu mnamlindia jiwe na wetu alizikwa gerezani bila hata jina, usiangalie viatu, na usikimbie kuita mwalimu. Mwambie ukweli, cucu, yaani nyanya, ni kweli. Mwambie Baden-Powell alikuwa mwanajeshi wa ufalme wa Uingereza, alikuwa kwenye msafara wa kijeshi dhidi ya Waashanti, akapigana na Wamatabele 1896, akazingirwa mji wa Mafeking kule Afrika Kusini siku 217, na uskauti wenyewe alikuja kuujaribu 1907 na vijana kama 20 hivi kisiwani Brownsea. Mwambie Kimathi alisubiri mpaka 2007 ndio akapata sanamu Nairobi. Mimi naamini kabisa skauti wa Nyeri anaweza kulinda kaburi lile kwa heshima yote na bado akalitaja jina la Kimathi bila kunong'ona, na skauti asiyeweza hivyo bado hajawa tayari kutembeza mgeni yeyote.

Haya, simameni wawili wawili, mmoja mgeni mmoja skauti. Tuanze na swali la huyo cucu, si tarehe.