Jampa za Spika: Kiungo Kwanza, Bei Baadaye

Ndugu mafundi, na ninyi wapenzi wa muziki mliotoka Kizota, Nkuhungu na hata Kongwa, nashukuru kupewa nafasi ya kulirudia jambo ambalo baadhi yenu mmeshalisikia kwangu mpaka mkachoka. Nitalisema tena, kwa sababu bado kuna wateja hapa Dodoma wanaouziwa jampa za spika, yaani vipande vifupi vya waya vya kuunganishia tamino, kwa bei ya kunyang'anya, ilhali nati zilizo nyuma ya spika zao zimelegea na hakuna fundi aliyezigusa.

Spika yenye tamino nne, yaani sehemu nne za kufungia waya kwa nati, mnaijua: jozi moja ni ya twita, spika ndogo ya sauti za juu, nyingine ni ya wufa, spika kubwa ya sauti nzito, na kiwandani jozi hizo huunganishwa kwa vibamba viwili vya metali, mara nyingi shaba ya manjano. Muuzaji humwambia mteja kwamba vibamba hivyo vinaiua sauti, avitoe afunge jampa. Basi na tupige hesabu. Waya wa shaba nyekundu wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa sentimita 15, una ukinzani, yaani kipimo cha jinsi unavyouzuia umeme kupita, wa takribani omu 0.001. Kibamba cha shaba ya manjano chenye urefu wa sentimita 5, upana wa sentimita 1 na unene wa milimita 1 kina takribani omu 0.0003, yaani kidogo kuliko huo waya unaosifiwa, kwa kuwa ni kifupi na kinene. Spika yenyewe huhesabiwa kuwa na omu 4 hadi 8. Anayedai kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoharibu muziki atuoneshe hesabu yake.

Kinachoharibu ni kiungo, pale kibamba au waya unapogusana na tamino. Fungueni nati ya spika iliyokaa sebuleni kiangazi kizima, mnajua upepo wetu ulivyo, kisha pangusa kibamba kwa kitambaa cheupe chenye spiriti: kitambaa hutoka na alama ya kahawia iliyochanganyika na weusi. Vumbi hilo na kutu hiyo hukaa pale pale umeme unapopita, na nati iliyokazwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa wufa, hata ukinzani wa kiungo ukauzidi ule wa waya mara nyingi, twita ikaanza kukwaruza au kukatika. Mteja akilalamika, anauziwa waya!

Na waya wenyewe ni upi? Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha, kwa sababu nyaya nyingi zinazoitwa shaba ni alumini iliyovikwa shaba kwa juu. Menya ncha, chukua uzi mmoja, ukwaruze kwa wembe: wekundu ukiondoka na weupe ukatokea, umeuziwa alumini. Hata mkononi huhisi wepesi, maana shaba ina uzito zaidi ya mara 3 ya alumini yenye ujazo uleule. Mtaniuliza, kama umbali ni sentimita 15 tu, alumini ina ubaya gani? Ukinzani wake wa ziada kwa urefu huo si kitu, nakubali. Ubaya ni kwamba alumini hubonyea taratibu chini ya nati, mkazo ukapungua, na panapokwaruzika hujenga utando usiopitisha umeme. Tumerudi kwenye kiungo kilekile, na fundi anayemfungia mteja waya wa namna hiyo bila kumwambia anamdhulumu.

Wapo watakaosema kwamba walibadilisha jampa na wakasikia tofauti kwa masikio yao. Siwapingi kwamba walisikia, lakini wakumbuke kwamba walipovua vibamba walifungua nati zilizolegea, wakaondoa vumbi na kuzikaza upya. Safisheni kwanza vibamba vya zamani na kuvikaza, msikilize ilimba, ile ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mwana wa mkoa huu, kisha mfunge jampa mpya bila kugusa kitufe cha sauti, na msikilizaji asiambiwe kilichofungwa ni kipi. Ilimba inafaa sana kwa jaribio hili, kwa sababu mlio wake mkali wa juu huonesha upesi twita inayokatika.

Anayehitaji jampa kwa kuwa vibamba vimepotea au vimeliwa na kutu, atengeneze mwenyewe. Akate vipande vinne, viwili kwa kila spika, vya waya wa nyuzi nyingi wa shaba halisi, milimita za mraba 2.5, urefu wa kufika tamino bila kuvutika. Amenye ncha kwa kadiri ya kina cha tundu, asokote nyuzi pasiwe na hata mmoja unaochomoza, na abane vishikizo vya chuma kwenye ncha. Ncha iliyojazwa risasi ya kulehemu msiikandamize chini ya nati, kwa kuwa risasi nayo hubonyea na mkazo hupungua. Baada ya wiki chache, akaze tena.

Muda umenibana, kwa hiyo haya nayataja tu. Zima amplifaya kabla ya kugusa chochote. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Ukiigusisha nyekundu na nyeusi amplifaya ikiwa imewaka, unaweza kuiunguza. Na anayetaka kutumia amplifaya mbili, moja ya twita na nyingine ya wufa, ni lazima aondoe vibamba na jampa zote kabla ya kuwasha, la sivyo amplifaya hizo zitasukumana zenyewe kwa zenyewe. Sasa nipo tayari kwa maswali.