Jinsi ya kuutambua msumeno wa kale wa Delta Unisaw kabla hujatoa pesa

Karibu. Leo tunakagua Delta Unisaw, msumeno wa mezani uliotoka Milwaukee, Marekani, kuanzia mwaka 1939. Ukiwa Marekani, fuatilia minada ya shule za ufundi na karakana zinazofungwa. Muuzaji mara nyingi haujui, anaandika tu "msumeno mzito wa zamani", kwa hiyo angalia picha kuliko maneno. Unapokwenda kuuona, beba tochi, kitambaa, mafuta ya taa na rula ndefu ya chuma.

Anza na bamba la namba. Lipanguse taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Brashi ya waya itafuta maandishi. Rockwell waliinunua Delta mwaka 1945, kwa hiyo bamba lenye jina Rockwell ni la baada ya hapo. Pentair walichukua kampuni miaka ya 1980. Nembo ya mbele isikupe uhakika peke yake, maana hung'olewa na kubandikwa kwingine.

Sasa zunguka ubavuni, penye kifuniko cha mota. Mashine za mwanzo zina kifuniko cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kimevimba kama yai. Wakusanyaji wanakitafuta sana, na huuzwa peke yake, hivyo kukikuta hakuthibitishi umri wa mashine nzima. Linganisha na bamba. Mota nayo usiitumie kukadiria mwaka, kwani nyingi zimeshabadilishwa.

Hatua inayofuata ndiyo ya kukaa nayo. Fungua mlango wa kabati, toa vumbi la mbao, washa tochi. Utaona vipande viwili vya chuma vyenye umbo la upinde, mbele na nyuma, vinavyoubeba mtambo mzima unapolala hadi nyuzi 45. Mota inaning'inia hapo hapo. Mashine ikiangushwa au ikilazwa vibaya garini, uzito wa mota huvunja vipande hivi. Pitisha kidole kwenye kona na kuzunguka matundu ya bolti. Ufa huonekana kama mstari mwembamba mweusi, au wenye kutu ndani yake. Kiungo kilichochomelewa pia ni dalili. Hapo shusha bei sana au ondoka. Kutu ya juu ya meza haitishi, inasuguliwa ikaisha. Chuma cha kusubu kilichopasuka ni kazi nyingine kabisa.

Hakikisha umeme umechomolewa. Vua mikanda yote mitatu, kisha zungusha kwa mkono shafti inayobeba bapa la msumeno. Ikikwaruza, beringi zimekwisha, na hizo hazina shida kubadilisha. Itikise juu na chini: isicheze. Zungusha magurudumu ya mkono, la kupandisha na la kulaza, mwanzo hadi mwisho. Yakikwama katikati, mara nyingi ni vumbi lililogandamana na grisi kwenye meno.

Weka rula juu ya meza kwa mshazari, mulika nyuma yake: mwanga ukipenya chini, meza haiko sawa.

Mwisho soma bamba la mota. Misumeno ya shuleni mara nyingi ni ya fezi tatu, na nyumbani itahitaji kibadilishi, kifaa cha kuiendesha kwa umeme wa fezi moja. Ukiipeleka Afrika Mashariki, kumbuka umeme wetu ni hezi 50: mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika itashuka hadi 2,875 hivi.

Ukishanunua, ng'oa mota kwanza, ndipo upakie.