Mfalme Aliyechelewa Kugeuka

Mabibi na mabwana, jioni hii Napoleon tutamweka kando kidogo. Nataka tumtazame mtu aliyeponzwa na urafiki naye, Friedrich August, mtawala wa Saksonia, moja ya nchi za Wajerumani.

Alirithi nchi mwaka 1763, zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka 13. Akakua mtu wa tahadhari mno. Mwaka 1791 Wapolandi walimtaka awe mrithi wa ufalme wao; akakataa. Oktoba 1806 jeshi lake lilipigana upande wa Prussia, dola jirani ya Wajerumani, dhidi ya Napoleon kule Jena, likashindwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu: Desemba alikwishafanya amani na Napoleon, akapewa cheo cha mfalme. Mwaka uliofuata akakabidhiwa na Utawala wa Warszawa, nchi ya Wapolandi iliyoundwa na Napoleon, kwa hiyo Wapolandi aliowakwepa wakamfuata nyumbani!

Sasa njooni 1813, maana hapo ndipo penye kisa. Napoleon amerudi kutoka Urusi bila jeshi. Mfalme wetu anaihama Dresden, anafika Prague, na mwezi Aprili anapatana na Austria kwa siri. Mei 2 Napoleon anashinda vita vya Lützen, ndani ya Ujerumani, na kumpelekea onyo: rudi, ama ufalme huna. Akarudi. Mimi simlaumu; Napoleon alikuwa mlangoni na msaada wa Austria ulikuwa bado ni maneno.

Oktoba 8 Bavaria, nchi nyingine ya Wajerumani iliyokuwa rafiki wa Napoleon, ikageuka. Siku kumi baadaye, vita vya Leipzig vikiwa vimepamba moto, maelfu ya askari wa Saksonia nao wakavuka upande wa maadui wa Napoleon, na Napoleon akashindwa. Mfalme wao alikuwa mle mle mjini. Kesho yake akakamatwa, akapelekwa karibu na Berlin.

Kwenye mkutano wa Vienna, ambako washindi wa Napoleon waliipanga Ulaya upya, Prussia iliitaka Saksonia yote. Kaizari wa Urusi alipowasema walioisaliti Ulaya, Talleyrand, mjumbe wa Ufaransa, akamjibu kwamba hilo ni suala la tarehe tu, yaani nani alimwacha Napoleon lini. Alijua anachosema: Bavaria ilikuwa imeketi pale kama mshindi. Mei 1815 Friedrich August akatia sahihi kuachia zaidi ya nusu ya nchi yake.

Mwezi huo huo, kule Liège, mji wa Ubelgiji ya leo, askari wa Saksonia waliambiwa wagawanywe, wengine wawe Waprussia. Wakaizingira nyumba ya Jemadari Blücher, mkuu wa jeshi la Prussia, akatoka kwa kukimbia. Viongozi wao walipigwa risasi. Ni jeshi lile lile lililomwacha mfalme Leipzig.