Namna ya Kuchagua Nyuzi za Raketi ya Tenisi kwa Mchezaji wa Kujiburudisha

Karibu, mtazamaji. Mezani mbele yangu ipo raketi moja ya tenisi iliyotumika, mkasi mkali, na pakiti nne za nyuzi ambazo ukizitazama kwa haraka utadhani ni bidhaa ileile iliyobadilishwa rangi tu. Hatua nitakazokuonyesha zimekusudiwa kwa yule anayecheza mara moja au mbili kwa juma, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu nyuzi umetokana na mahitaji ya wachezaji wa kulipwa, ambao husukiwa raketi upya karibu kila wanapoingia uwanjani, na ambao mikono yao imezoeshwa kazi hiyo tangu utotoni.

Hatua ya kwanza, kabla hujanunua chochote, ni kuichunguza raketi uliyo nayo. Nyuzi zinazotoka upande wa mpini kuelekea kichwani nitaziita mtande, na zile zinazopita kwa upana nitaziita mshindio, kama wasemavyo wafumaji wa nguo, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kufuma. Sasa nasogeza kamera karibu. Tazama katikati ya raketi, pale mtande na mshindio zinapopishana: kila uzi wa mtande umechimbika mifuo midogo, kana kwamba umekerezwa kwa msumeno mwembamba. Mifuo hiyo hutokana na nyuzi kusuguana kila mpira unapopigwa, na hapo ndipo uzi hukatikia siku yake ikifika.

Ukishaitazama mifuo, jiulize nyuzi zako zilikatika mara ya mwisho lini. Kama hukumbuki, au kama nyuzi zilizomo ndizo zilizokuja na raketi uliponunua, basi wewe si mkataji wa nyuzi, na huna sababu ya kutafuta uimara ambao mkono wako ndio utakaoulipia. Kama unazikata kila mwezi, hilo ni jambo jingine, na nitalirudia baada ya muda mfupi. Hesabu pia idadi ya nyuzi. Raketi yenye mtande 16 na mshindio 19 ina nafasi pana kati ya uzi na uzi, huusaidia mpira kuzunguka, na hukata nyuzi mapema kuliko ile yenye mtande 18 na mshindio 20.

Hatua ya pili ni kuchagua aina ya uzi. Pakiti ya kwanza ni nailoni ya kawaida, yenye kiini kimoja kinene kilichozungushiwa nyuzinyuzi nyembamba kwa nje. Bei yake ni nafuu, hushika mkazo kwa kiasi cha kuridhisha, na haiuumizi mkono. Mtu anayejifunza akiweka nailoni hii na kuibadilisha kwa wakati, hajakosa kitu.

Pakiti ya pili nayo mara nyingi ni nailoni, ila imesokotwa kwa mamia ya nyuzinyuzi nyembamba mno zilizoshikanishwa kwa gundi laini. Naukata uzi huu kwa mkasi, kisha naifikicha ncha yake kati ya vidole viwili: unaona jinsi inavyochanuka kama ncha ya kamba ya katani. Uzi wa namna hii hunyumbuka unapopokea mpira, na kwa sababu hiyo mshtuko unaofika kiwikoni hupungua. Kwa mchezaji asiyekata nyuzi, na zaidi kwa yule aliyewahi kuumwa na kiwiko, bega au kifundo cha mkono, hii ndiyo pakiti ninayopendekeza aanze nayo.

Pakiti ya tatu ni utumbo wa asili, unaotengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe. Kampuni ya Babolat ya mjini Lyon, Ufaransa, ilianza kuutengenezea tenisi mwaka 1875, na mpaka sasa unasifiwa kwa ulaini na kwa kuushika mkazo wake muda mrefu. Hata hivyo, bei yake ni kubwa na unyevu huuharibu, kwa hiyo wengi wetu tutauheshimu kwa mbali.

Pakiti ya nne ni poliesta, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wachezaji wengi wa kujiburudisha wanapojikwaa. Gustavo Kuerten wa Brazili alitwaa ubingwa wa mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akitumia poliesta ya kampuni ya Luxilon, na katika miaka iliyofuata aina hii ikaenea miongoni mwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa na sababu nzuri. Poliesta ni ngumu na ina utelezi. Mpigaji mwenye mkono wa kasi anapoukwangua mpira kutoka chini kwenda juu, mtande husogea pembeni juu ya mshindio na kurudi mahali pake ghafla, na kule kurudi ndiko kunakouzungusha mpira zaidi, hata ukashuka ndani ya mstari badala ya kupitiliza. Lakini uzi husogea hivyo iwapo tu raketi inakwenda kwa kasi kubwa. Mkono wa kasi ya wastani hauusogezi uzi huo vya kutosha, hivyo faida ya mzunguko huipati, ilhali ugumu wote unabaki nao.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Niliweka poliesta kwa sababu picha ya bingwa ilikuwa kwenye pakiti, nikaagiza ikazwe sana, na baada ya wiki chache sikuweza kuinua birika lililojaa maji bila kusikia maumivu makali upande wa nje wa kiwiko. Nilipumzika kwa muda mrefu, kisha nikarudi uwanjani na uzi wa pakiti ya pili uliokazwa kidogo, na tangu hapo ninautumia. Kuna jambo la pili kuhusu poliesta ambalo halionekani kwa macho: hupoteza mkazo na uhai wake haraka ijapokuwa haijakatika. Mtu huiona bado nzima, akaendelea kuitumia kwa miezi, kumbe anapiga mpira kwa uzi uliokufa.

Sasa namrudia yule anayekata nyuzi kila mwezi. Kwake poliesta ina maana, lakini si lazima aijaze raketi nzima. Aweke poliesta kwenye mtande, ambao ndio unaokatika, na nailoni laini kwenye mshindio. Mchanganyiko huu huongeza uimara bila kuufanya uso wote wa raketi kuwa mgumu. Kijana ambaye bado anakua, ninamshauri asiitumie poliesta kabisa, hata kama anapiga kwa nguvu.

Hatua ya tatu ni unene, nayo haihitaji maneno mengi. Kwenye pakiti utakuta namba 15, 16, 17 au 18, na namba inapopanda uzi huwa mwembamba zaidi: 16 ni kama milimita 1.30, na 17 ni kama milimita 1.24 au pungufu kidogo. Uzi mwembamba huuma mpira vizuri na hukupa hisia nzuri mkononi, lakini hukatika mapema. Anza na 16. Kama hukati nyuzi, jaribu 17 safari ijayo.

Hatua ya nne ni mkazo, na ningependa uielewe vizuri kwa sababu haina gharama yoyote na matokeo yake ni makubwa. Kamera iko kwenye ubavu wa fremu, ambapo mtengenezaji ameandika kiwango cha mkazo anachokiruhusu. Kwenye raketi hii ni ratili 50 hadi 60, yaani takriban kilo 23 hadi 27. Wengi huamini kwamba nyuzi zikikazwa sana, mpira utakwenda kwa nguvu zaidi. Ukweli ni kinyume chake, na sababu imo ndani ya mpira wenyewe. Kanuni za tenisi zinataka mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu urudi sentimita 135 hadi 147, yaani kila unapobonyea hupoteza karibu nusu ya nguvu uliyokuja nayo. Nyuzi, kwa upande wake, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zinazopokea. Nyuzi zilizolegea kiasi hunyumbuka zenyewe, mpira ukabonyea kidogo tu, na nguvu nyingi ikarudi; nyuzi zilizokazwa sana huufanya mpira ndio ubonyee, na nguvu ikapotelea humo.

Kwa hiyo anza katikati ya kiwango kilichoandikwa. Kwenye raketi hii ni ratili 55, au kilo 25. Kama mipira yako mingi inatoka nje kwa kupita mstari wa nyuma, ongeza ratili 2. Kama inafia wavuni au inaangukia katikati ya uwanja, au mkono unachoka mapema, punguza ratili 2. Kama umechagua poliesta, teremsha mkazo kwa karibu asilimia 10 kuliko ambavyo ungeweka nailoni. Tafadhali badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ukibadilisha uzi, unene na mkazo siku hiyohiyo, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Hatua ya tano ni kumweleza fundi atakayeisuka raketi. Mtajie aina ya uzi, unene, na mkazo kwa namba. Ukimwambia tu akaze vizuri, atakaza kwa mkono aliouzoea. Elewa pia kwamba uzi mpya hulegea zaidi katika siku yake ya kwanza, kwa hiyo usiuhukumu kabla hujacheza nao mara mbili au tatu. Wala usiiache raketi ndani ya gari lililofungwa juani, kwani joto huzilegeza nyuzi hata kama hakuna aliyezigusa.

Hatua ya mwisho ni kujua wakati wa kubadilisha. Desturi ya siku nyingi inasema kwamba idadi ya mara unazocheza kwa juma ndiyo idadi ya mara za kusuka upya kwa mwaka, na kwa nailoni inatosha. Kwa poliesta, usisubiri hesabu hiyo. Jaribu hivi: usukume mtande mmoja pembeni kwa kidole gumba, kisha uuachie. Kwa poliesta, uzi ukibaki ulikosukumwa badala ya kurudi, utelezi wake umekwisha na wakati wake umefika. Nailoni huweza kubaki pembeni hata ikiwa mpya, kwa hiyo kwa nailoni tazama kina cha mifuo.

Raketi hii imeshindwa jaribio hilo, kwa hiyo naikata sasa. Angalia ninapoanzia: katikati kabisa, uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, kisha nakwenda kwa mshazari kuelekea nje, ili fremu isivutwe na upande mmoja wakati upande mwingine umeshalegea. Nyuzi zote zikishatoka, nachukua kipande kidogo cha karatasi ya kubandika, naandika tarehe, aina ya uzi na mkazo nitakaoomba, na kukibandika kwenye shingo ya raketi kabla sijaipeleka kwa fundi.