Bega Kwanza: Mlalo wa Mgonjwa Katika Tiba ya Mionzi ya Titi

Wenzangu, mlionisikia zamani mnajua nitaanzia wapi: begani. Nitaendelea kuanzia hapo hadi tutakapoacha kumwambia mgonjwa, "Vumilia kidogo, mama."

Mama ametoka kwenye upasuaji wa saratani ya titi, tezi za kwapani zimetolewa, kovu linavuta. Tunamlaza chali na kumtaka ainue mikono juu ya kichwa, maana ikibaki ubavuni itakuwa njiani mwa miale. Halafu tunamwambia asitikisike. Anakubali, kwa kuwa anaogopa akilalamika tiba itaahirishwa. Siku ya picha za CT, zile za kupangia tiba, anakaza meno, anaufikisha mkono mwisho, nasi tunaridhika na kumtia vidoa vya wino vya kulengea miale. Mpango mzima umejengwa juu ya mkono uliolazimishwa! Siku chache baadaye bega limekaza, mkono haufiki tena pale. Ukishuka, ngozi ya kifua inashuka nao, vidoa vinahama, titi linabadilika umbo. Tunamsukuma, tunamvuta, tunapiga picha upya. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Muda mwingi unaliwa na kumpanga, na muda wote huo mkono uko juu, unauma, naye anazidi kusogea.

Najua yupo anayesema kazi yetu ni usahihi, faraja ni ya wauguzi. Ndugu yangu, usahihi upi? Tunahesabu milimita, na msuli unaouma hujikaza hata mwenyewe asipotaka. Mwingine atasema hatuna muda. Muda tunao, ila tunautumia kumrekebisha kila siku badala ya kumpanga vizuri siku ya kwanza. Tena sasa kuna utaratibu wa vikao 5 kwa wiki moja, uliotokana na utafiti wa FAST-Forward wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020. Hapo kikao kimoja ni moja ya tano ya dozi yote. Utakikosea kwa sababu ya bega?

Kwa hiyo mwambie ainue mkono kliniki, kabla hata ya siku ya CT. Ukigoma, apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia mapema. Dawa ya maumivu aimeze kabla ya kikao, si baada. Kiwiko kipate egemeo, magoti yapate mto chini yake, na vipimo vyote viandikwe ili zamu ya kesho isibahatishe. Mkono uwekwe pale atakapoweza kuufikisha kila siku, si pale alipoufikisha mara moja kwa machozi.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, basi haraka haraka. Titi la kushoto: akivuta pumzi ndefu na kuishikilia, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha hatari ya matukio makubwa ya mishipa ya moyo hupanda kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani wa dozi ya moyo. Lakini anayeumwa bega hataishikilia pumzi kwa utulivu, kwa hiyo tunarudi palepale. Titi kubwa: fikirieni kulala kifudifudi, maana akilala chali mkunjo wa ngozi chini ya titi huungua vibaya.

Na kumsitiri. Shuka iondolewe tunapohitaji kuona vidoa, irudishwe mara tu tukimaliza, na mlango ufungwe.