Ua la Msimu na Haraka Yake ya Kuzaa

Hamjambo nyote. Tuanze na mche mnaoufahamu: tagetesi ya rangi ya chungwa inayouzwa kando ya barabara hapa Nairobi, imo kwenye karatasi nyeusi na tayari ina ua moja kubwa kichwani. Wanunuzi wengi huukimbilia huo. Afadhali ule wa kijani ulio pembeni, mnene, usio na hata tumba.

Ua la msimu huishi ili litoe mbegu. Likishazitoa, huanza kukauka. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kwa tagetesi ndefu au kosmosi huo ni mchana mfupi, ishara ya kuchanua. Ndiyo maana huku huchanua zingali fupi, shina moja, mizizi haba.

Dawa yake ni kucha zako. Mche ukifika sentimita 10, finya ncha juu ya jozi ya tatu ya majani, matawi yatoke makwapani. Maua yatachelewa wiki 2 hivi, lakini yatakuwa mengi. Kama umenunua mche uliokwisha kuchanua, likate hilo ua siku ya kupanda. Najua inauma.

Baadaye, ondoa maua yaliyonyauka kila baada ya siku 3 au 4. Kwenye petunia wengi hukosea hapa: huvuta petali na kuacha kifuko cha mbegu kwenye kikonyo. Mmea unaendelea kulea mbegu, nawe unashangaa kwa nini haichanui. Kata na kikonyo chake.

Sasa vyungu. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake chunguni hushikana, na ule mweusi wa mfinyanzi ni balaa zaidi. Changanya debe 2 za udongo mwekundu, debe 1 ya samadi iliyooza kabisa na debe 1 ya mchanga wa chembe kubwa. Ule mwembamba huufanya mchanganyiko uwe kama tofali. Kokoto chini ya chungu hazisaidii, maji hutuama juu yake na mizizi inaoza. Kinachohitajika ni matundu.

Samadi mbichi huunguza mizizi, na CAN, mbolea ya nitrojeni, ikitiwa mfululizo huleta majani tu. Kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17, yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, katika lita 5 za maji, kila wiki 2, kinatosha chunguni. Mwagia udongo ukiwa na unyevu.

Zinia haipendi kuhamishwa. Ipande palepale, kina cha sentimita 1, miche ikiachana sentimita 30. Juni hadi Agosti, baridi na mawingu vikitanda, ukungu mweupe huivamia majani, basi mwagilia asubuhi, shinani. Mvua za Aprili nazo huchana petunia zenye maua makubwa. Vyungu vyake visogezwe chini ya paa.